Pipa la tajiri wa Kirumba: tulivyopatia bei ya petroli tukaharibu mgao

Kisa hiki nimekisimulia sana kijiweni na kila mara watu wanacheka pale ambapo mimi sicheki, kwa hiyo leo nakiandika chote, mwanzo mpaka mwisho, na hesabu zake. Ni cha mwaka 2022. Chuo sikitaji, na tajiri mwenyewe simtaji kwa sababu bado tunapishana mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na bado ni mzee wetu.

Tulikuwa wanafunzi kumi na kitu hapa Mwanza, tuna grupu la kufuatilia siasa na uchumi wa dunia. Wazo alilileta mhadhiri wetu mmoja ambaye alikuwa anaipenda sana kazi ya wenzetu wa Chuo Kikuu cha Toronto, wale wana kikundi tangu 1987, mwaka mmoja kabla mkutano wa G7, zile nchi saba tajiri, haujafanyika mjini kwao, na kazi yao ni kukaa na ahadi za wakubwa, moja moja, halafu kuangalia kama zimetekelezwa. Alama zao ni tatu tu: toa moja kama hujafanya, sifuri kama umefanya nusunusu, jumlisha moja kama umetimiza. Basi. Profesa na wanafunzi wanakaa chini wanasoma nyaraka, wanatoa alama, wanachapisha. Tukasema na sisi tunaweza, karatasi tunayo, bando tunalo, shida iko wapi.

Shida, nakuja kuiona sasa, ni kwamba tulipenda sana kelele. Februari 24, 2022, Alhamisi, Urusi inaingia Ukraine, na jioni hiyo hiyo grupu letu la WhatsApp lilikuwa na meseji zaidi ya mia tatu, Putin hivi, NATO vile, mtu anatuma ramani za vifaru kana kwamba yeye ndo mkuu wa majeshi. Machi 2 Umoja wa Mataifa wakapiga kura kulaani uvamizi, nchi 141 zikakubali, 5 zikakataa, 35 hazikuegemea upande, na hapo tukapata ugomvi wa wiki nzima kwa sababu ziwa letu hili hili lina nchi tatu na hazikupiga kura moja: Kenya ilikubali, sisi na Uganda tukajizuia. Mjadala mtamu kweli, sikatai. Ila kwa mvuvi wa pale Kirumba ulikuwa hauna hata dagaa mmoja ndani yake.

Aliyetutoa huko ni dada mmoja wa uhasibu, mtu wa Sengerema, kaka yake anavua. Alikuwa haongei sana kwenye vikao. Siku hiyo Machi 7 mafuta ghafi ya Brent, yale ambayo bei yake dunia inaitumia kama kipimo, yamegusa karibu dola 139 kwa pipa, sisi tunashangilia kama tunaangalia mpira, yeye akauliza swali moja tu, "hii inafika lini Kirumba?" Kimya. Mmoja akasema kesho. Mwingine akasema imeshafika, si mnaona nauli. Hakuna aliyekuwa anajua, na tulikuwa tunajiita wafuatiliaji wa uchumi wa dunia.

Dada akaenda kutafuta mwenyewe, akarudi na jibu ambalo kwangu mimi ndo kitu cha maana kuliko vyote tulivyowahi kujifunza pale. Ni hivi. Tanzania hatuna kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kinachofanya kazi, tunaagiza yaliyokwisha kusafishwa, tunaagiza kwa pamoja, meli zinakuja za wote, zinashusha Dar, Tanga na Mtwara. Halafu EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei kikomo, ile ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidi, na ile bei haitazami soko la dunia la jana, inatazama la karibu miezi miwili nyuma, kwa sababu mafuta yanayouzwa leo ndiyo yaliyonunuliwa wakati ule. Maana yake bei ya dunia ya Machi utaiona sheli, kwenye kituo cha mafuta, mwezi wa Mei. Ya Aprili utaiona Juni. Na kwa Mwanza unaongeza usafiri wa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar, ndo maana bei yetu huwa juu kuliko ya Dar muda wote.

Yaani huhitaji unajimu. Ukiwa Machi tayari Mei umeishika mkononi, sio kwa shilingi kamili lakini kama inapanda au inashuka unajua.

Kuna kijana mmoja alibisha, na alibisha kwa hoja, akasema Machi 31 Biden ametangaza kutoa mapipa milioni moja kwa siku kutoka akiba ya Marekani kwa miezi sita, kwa hiyo bei itaporomoka kabla ya Mei. Dada akamwambia hata ikiporomoka leo, Mei yetu imeshapikwa, iko baharini inakuja. Nikampenda pale pale (kwa akili zake, msianze).

Na alikuwa ameona kitu kingine ambacho sisi na Brent yetu hatukukiona, kwamba tunachonunua sio mafuta ghafi, ni petroli na dizeli, na dizeli hasa ilikuwa inapanda kuliko ghafi yenyewe kwa sababu Ulaya walikuwa wanategemea sana ya Mrusi. Mei ilipofika, bei kikomo ya Dar ilikuwa petroli 3,148 na dizeli 3,258. Dizeli juu ya petroli, madereva wa malori walidhani ni makosa ya uchapaji.

Sasa tajiri anaingia. Kwa asiyejua lugha ya mwaloni, tajiri ni mwenye mtumbwi na injini na nyavu, hata kama nyumba yake haina plasta. Huyu wetu ana mitumbwi miwili ya dagaa, kila mmoja vijana wanne, na yule dada anamfahamu kupitia kaka yake. Dagaa wanavuliwa giza, taa zinawashwa, dagaa wanakuja, mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika wanashona nyavu. Kwa hiyo petroli yake haitumiki kila siku sawasawa, inatumika kwa giza, kama wiki mbili na ushee, na giza moja kwa mitumbwi yote miwili alikuwa anachoma karibu lita 800, yaani mapipa manne.

Mwishoni mwa Aprili tukaenda kwake na karatasi. Tumeiandika vizuri kweli, imepigwa muhuri wa grupu tuliochonga wenyewe kwa fundi wa pale mjini, inasema: Mei petroli itapanda kwa kiasi kikubwa, Juni haitashuka. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, karibuni, tukaletewa soda. Akasoma kwa sauti. Akauliza mara mbili, "mna uhakika?" Tukamwambia mzee hii ni hesabu. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Hakutuambia atafanya nini. Alichofanya ni kwenda sheli na mapipa manne akajaza kwa bei ya Aprili, ambayo kwa Dar ilikuwa 2,861. (Natumia bei za Dar kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye karatasi yetu, za Mwanza ziliongezeka usafiri lakini pengo kati ya mwezi na mwezi lilikuwa linafuatana.) Kuweka petroli mapipa manne stoo ya nyumba ni hatari kubwa, jirani akiwasha jiko tu mtaa mzima unakwenda, na hilo nalo hatukulifikiria wakati tunagonga muhuri.

Mwezi uliandama mwanzoni kabisa mwa Mei, kwa hiyo giza lile liliangukia sawia na Jumatano ya Mei 4. Bei ikapanda kutoka 2,861 kwenda 3,148. Shilingi 287 kwa lita moja. Grupu likalipuka kwa furaha, tukajipa alama yetu ya kwanza ya jumlisha moja kwa kufuata mtindo wa Toronto, kuna mtu alitengeneza bango, mhadhiri akatupongeza mbele ya darasa. Mimi nilipiga picha na ile karatasi. Bado ninayo.

Wiki mbili baadaye yule kaka wa Sengerema akampigia dada yake simu, na hapo ndo nikajua tulichofanya.

Mgao wa dagaa kwa tajiri yule unakwenda hivi: mzigo ukishauzwa, gharama zinatoka kwanza juu kwa juu, petroli, chakula, kuchaji betri za taa, halafu kinachobaki kinakatwa katikati, nusu ya tajiri, nusu ya vijana wagawane. Kwa hiyo petroli ikipanda, tajiri haumii peke yake, wanaumia wote, na kijana ambaye hakuwa na pipa anaumia sawa na mwenye pipa. Lakini giza lile tajiri alipokaa kupiga hesabu aliandika petroli kwa bei ya Mei. Lita 800, kila moja kwa bei mpya, wakati yeye amenunua yote kwa bei ya Aprili. Vijana wakauliza, mzee si ulijaza kabla? Akajibu kwa upole kabisa, wanangu, mafuta yanahesabiwa kwa bei ya siku.

Bei ya siku. Likae kichwani hilo neno.

Piga hesabu. 287 mara 800 ni 229,600. Hiyo hela haikwenda sheli, ilibaki stoo kwake. Kama angehesabu kwa aliyonunulia, ingeingia kwenye mfuko wa kugawana na nusu yake, 114,800, ingekwenda kwa vijana wanane, 14,350 kila kichwa. Utasema ni hela ndogo. Kwa mtu anayelala juu ya maji usiku kumi na sita na akirudi anadaiwa genge na mama ntilie, sio ndogo, ni mchele wa nyumbani. Na ilitoka mfukoni kwao ikaenda kwa tajiri kupitia karatasi yetu yenye muhuri.

Nilipolileta hili kikaoni wenzangu waligawanyika. Wengi walisema sisi tunatoa taarifa, mtu akiitumia vibaya ni juu yake, kipima joto hakilaumiwi kwa homa. Mhadhiri naye alielekea huko. Wengine wakasema hata tusingesema angenunua tu. Hapana. Kaka wa Sengerema amefanya naye kazi miaka minne na hajawahi kuona hata pipa moja la akiba pale, tajiri alikuwa ananunua kwa dumu, la leo leo. Alijaza mapipa kwa sababu sisi tulimpa uhakika ambao vijana wake hatukuwapa. Tulikunywa soda sebuleni kwake, wao walikuwa hatua mia moja kutoka pale wanaanua nyavu, tukapita katikati yao tukasema habari za kazi tukaondoka.

Juni ndo sehemu ambayo watu wanacheka.

Mapema Mei, siku chache tu baada ya bei kupanda, serikali ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza bei za mwezi wa Juni. Ilisemwa bungeni, ikasemwa redioni, kila mtu alisikia. Sisi pia tulisikia. Ila jamani, sisi tulikuwa grupu la *dunia*, ya Dodoma tuliyaona ni habari za kawaida, hayakuwa na jalada kwetu, na isitoshe ilikuwa wiki ya testi. Karatasi yetu iliyosema Juni haitashuka ikaendelea kukaa kwa tajiri bila marekebisho. Yeye naye ruzuku aliisikia, alituambia baadaye, "ruzuku za maneno nimezisikia tangu nyie hamjazaliwa, mimi niliamini karatasi." Imeniuma mpaka leo hiyo sentensi.

Basi mwezi ulipoanza tena kuchelewa kuchomoza, kwenye ile wiki ya tatu ya Mei, akajaza mapipa sita. Lita 1,200, kwa bei ya Mei, za giza lote na akiba juu yake. Juni 1, Jumatano, EWURA wanatoa bei: petroli Dar 2,994. Imeshuka shilingi 154. Yeye stoo bado ana mapipa manne kamili.

Siku ya mgao akafungua daftari akaandika petroli kwa bei aliyonunulia.

Vijana wakamwangalia. Mmoja wao, ambaye baadaye nilikuja kumfahamu, kijana mpole sana wa Ukerewe, akamwambia, mzee, mafuta si yanahesabiwa kwa bei ya siku? Wanasema kulikuwa na ukimya mpaka unasikia mawimbi. Wenye mitumbwi mingine walikuwa wanasikiliza, wachuuzi wa dagaa wanasikiliza, na mwaloni neno likishasikika halirudi. Akaandika 2,994. Lita 800 mara 154, shilingi 123,200, hiyo ikabaki kuwa yake kuimeza.

Kesho yake akaja chuoni. Mzee mzima, kofia mkononi, ile karatasi imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, anauliza getini wako wapi watoto wa bei. Alitusema. Sikumlaumu wala sikumwonea huruma, nilikuwa nimesimama tu. Yule dada ndo aliyemjibu, kwa heshima zote, baba tumekosea Juni na tunaomba radhi, lakini Mei tulipatia, je ile ya Mei uligawana na vijana? Akavaa kofia akaondoka.

Kwenye kikao cha kufunga muhula tukatoa alama: Mei jumlisha moja, Juni toa moja, wastani sifuri, tukacheka tukasema angalau hatujafeli. Mimi alama zile nazipinga mpaka kesho. Kosa la Juni ni la kawaida, tuliangalia bei ya dunia tukasahau kwamba kati ya dunia na sheli kuna serikali, na serikali inaweza kuingiza mkono, ni kosa ambalo ukilifanya mara moja hulirudii. Tena ukitoa ruzuku hesabu yetu ilikuwa sahihi, bei ilitaka kupanda ikazuiwa. Lakini ile Mei tuliyojipigia makofi ndiyo iliyomtoa mtu 14,350 mfukoni bila yeye kujua, na kwenye mizani ya Toronto hakuna mahali pa kuandika hilo. Sio kosa la Toronto, wao wanapima ahadi za marais, marais wana wasaidizi wa kuwasomea. Sisi tulichukua kipimo cha watu wa juu tukakileta mahali ambapo taarifa ikifika kwa mmoja kabla ya mwingine tayari ni hela.

Na kuna jambo dogo la lugha. Karatasi yetu ilikuwa na maneno "mwenendo wa bei katika soko la kimataifa" na "athari tarajiwa". Kijana wa Ukerewe alipokuja kuisoma alisema kumbe mlitaka kusema itapanda. Ndiyo, tulitaka kusema itapanda.

Muhula uliofuata grupu lilibaki na watu sita. Tukaacha vita ya vifaru, tukafungua jalada la Dodoma, na tukakubaliana kitu kimoja: hatuendi tena sebuleni kwa mtu, tunabandika. Boksi la katoni, maka pen, mistari mitatu, kwenye nguzo ya banda la mama mmoja muuza chai pale karibu na mwalo, ambaye alituruhusu kwa sharti kwamba tukija tununue chapati (zilikuwa zimepungua ukubwa, ngano nayo ilikuwa na vita yake).

Katikati ya Julai tukabandika ya Agosti. Hiyo ilileta ubishi mkubwa kwa sababu mafuta ya dunia yalikuwa yameanza kushuka na kila mtu alikuwa anajua, redio zinasema yameshuka, na boksi letu linasema Agosti itapanda hata ruzuku ikiendelea. Watu wakatuita wachawi, wengine wakasema wale watoto wamechanganyikiwa tangu Juni. Ila Brent mapema Juni ilikuwa juu ya dola 120, na Juni ndo inayokuja kulipwa Agosti. Wiki ya kwanza ya Agosti ikatoka petroli Dar 3,410, na ruzuku ikiwa ndani. Nchi nzima ilikuwa inalalamika mbona dunia inashuka sisi tunapanda, pale kwenye banda la chai vijana walikuwa wanawaelezea wachuuzi miezi miwili ile inavyokwenda, wanahesabu kwa vidole, Juni, Julai, Agosti.

Siku hiyo tajiri alipita. Akasimama mbele ya boksi, akasoma mistari yote mitatu akisogeza midomo, akatoa simu akapiga picha. Hakutusalimia. Vijana wake walikuwa wameshaipiga picha tangu Julai, na kwenye simu ya yule wa Ukerewe chini ya picha alikuwa ameandika tarehe, idadi ya mapipa yaliyokuwa stoo, na bei ya siku.